Nilikufa na 95 hapa, 130 kule: je, uwanja wa Smash ni mapambo tu?

“Shikamoo kaka. Nacheza Super Smash Bros. Ultimate, gemu ya mapigano ya Nintendo, mwaka wa pili sasa, tangu binamu yangu arudi na konsoli ya Switch kutoka Muscat. Mhusika wangu ni Ganondorf. Nyumbani tunacheza wanne, tunapenda uwanja wa Temple, na kusema kweli hakuna anayeniweza. Mwezi uliopita nikaenda kwenye mashindano madogo, mara yangu ya kwanza. Nikaambiwa Temple hairuhusiwi, tuchague kwenye viwanja vitano ambavyo ni vitupu kabisa. Mechi ya kwanza ilikuwa Final Destination, jamaa wa Samus akanimiminia risasi mpaka nikachoka. Ya pili Battlefield, mtu wa Pikachu akawa ananirusha kwenye vile vibao vya juu hata miguu yangu haigusi chini. Nikatoka na aibu. Kwani viwanja si mapambo tu? Kwa nini pigo lile lile liliniua nikiwa na asilimia 95 sehemu moja, na sehemu nyingine nikafika 130? Na mbona pigo langu la 10 lilikuwa linatoa 12, au ile konsoli ilichezewa? Tangu siku ile nafanya mazoezi hadi kidole gumba kinauma, ila sioni mabadiliko.”

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kichapo. Mashindano yangu ya kwanza nilichagua uwanja kwa sababu nilipenda muziki wake. Nilikuwa nimeshatolewa kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Kwa hiyo aibu yako naijua ladha yake.

Nianze na konsoli ili tumalizane nayo. Haikuchezewa. Gemu yenyewe imepangwa hivyo: wapiganaji wakiwa wawili tu, bila vifaa vinavyodondoka, madhara ya kila pigo huzidishwa mara 1.2. Kumi inakuwa kumi na mbili. Nyumbani mko wanne, ndiyo maana hamjawahi kuiona. Na mpinzani wako naye alikuwa anazidishiwa vile vile, kwa hiyo hakuna aliyeonewa.

Sasa tuje kwenye hizo 95 na 130, maana hapo ndipo kuna jambo lenyewe. Nadhani umezoea gemu za damu, kama Tekken: damu ikiisha, umekufa. Smash haina damu. Ile asilimia inayopanda haikuui hata ikifika 200. Inachoeleza ni kwamba ukipigwa sasa hivi utaruka kwa kasi gani. Kinachokuua ni kuvuka mpaka. Kila uwanja umezungukwa na mistari minne isiyoonekana: mmoja juu, mmoja chini, na miwili pembeni. Mistari hiyo iko nje ya kile kamera inachokuonyesha, na ndiyo sababu mpiganaji aliyetoka kwenye skrini huonekana kwanza ndani ya kioo kidogo cha duara, angali hai, huku asilimia yake ikipanda taratibu. Akisukumwa mbele zaidi ya hapo, anavuka mstari na maisha moja yamekwenda.

Ukilielewa hilo, swali lako linabadilika sura. Kufa kwako kunategemea kasi uliyorushwa nayo, upande ulioelekezwa, na umbali uliokuwepo kati ya pale uliposimama na mstari wa upande huo. Kasi inatokana na asilimia uliyonayo, nguvu ya pigo, na uzito wa mhusika wako. Ganondorf ni mzito, 118 kwenye vipimo vya gemu hii, ambapo Bowser ndiye mzito kuliko wote kwa 135 na Pichu ndiye mwepesi kabisa kwa 62. Hayo yote unatembea nayo popote uendapo. Umbali ndio unaotolewa na uwanja, na unagawiwa upya kila unapopiga hatua.

Sikuwepo siku ile, lakini hadithi ya Samus na Ganondorf pale Final Destination naijua kama njia ya kwenda nyumbani. Samus anarusha, wewe unajikinga, unarudi hatua moja. Anarusha tena, unaruka, unatua nyuma zaidi. Baada ya sekunde ishirini kisigino chako kiko ukingoni na mgongo wako unatazamana na mstari wa kifo wa upande ule. Hapo nusu nzima ya uwanja, ambayo ingekufaa kama breki, iko mbele yako badala ya kuwa nyuma yako. Pigo ambalo ungelinusurika kwa raha ukiwa katikati linakuvusha. Battlefield, yule wa Pikachu alikuwa anakupiga karibu na katikati, ndiyo maana ulifika 130. Kwa maneno mengine, Final Destination haikukuua. Kona ndiyo iliyokuua. Ungesimama katikati ya uwanja ule ule, huenda ungefika 130 huko pia.

Watu wengi hukariri kwamba uwanja fulani unaua mapema na fulani unachelewa. Ni kweli mipaka hutofautiana kati ya uwanja na uwanja, lakini kwa mchezaji wa kiwango chako, na hata cha juu kidogo, tofauti kati ya katikati na ukingoni mwa uwanja mmoja ina uzito zaidi. Usiniamini kwa mdomo. Ingia kwenye Training, sehemu ya mazoezi ya gemu, chagua ule uwanja wa mazoezi wenye mistari ya vipimo, mwekee mpinzani asilimia 100, mpige teke lile lile akiwa katikati, kisha akiwa ukingoni. Gemu inakuchorea hata njia atakayopita hewani. Nusu saa ya kazi hiyo itakufundisha kuliko video kumi.

Mpaka wa juu nao una mambo yake. Umbali wako na dari huanza kuhesabiwa kutoka pale miguu yako ilipo, kwa hiyo ukipigwa kuelekea juu ukiwa umesimama kwenye kibao cha juu kabisa cha Battlefield, umemsaidia mpinzani sehemu ya safari. Mabeki wanasema usimpe mtu mpira ndani ya kumi na nane. Mimi nakuambia usikae kwenye kibao cha juu ukiwa na asilimia 110, hasa kama huna la kufanya huko.

Hapo tunafika kwenye vibao vyenyewe. Vibao hivi ni sakafu ya upande mmoja: unapita kutoka chini kwenda juu bila kizuizi, na ukitaka kushuka unasukuma stiki chini kwa ghafla. Ngumi na mateke nayo yanapenya. Mtu aliye chini ya kibao anaweza kumpiga aliye juu, na aliye juu, kama mapigo yake yanaelekea chini vizuri, anaweza kujibu. Aliye chini kwa kawaida ndiye mwenye raha, kwa kuwa mapigo mengi ya kwenda juu ni ya haraka na mapana, na aliye juu lazima siku moja ashuke.

Kilichokupata kwa Pikachu ni hiki. Anakurusha juu kidogo, unaangukia kwenye kibao badala ya kuanguka mpaka chini. Kwako inaonekana kama pumziko, lakini kwake ni ngazi: umetua karibu naye, mapema, mahali anapopajua. Ukianguka bila kubonyeza ngao, kile kitufe cha kujikinga, kwa wakati, unalala chali. Kutoka pale una njia chache tu: kuinuka papo hapo, kubingirika kushoto, kubingirika kulia, au kuinuka na pigo. Kwenye sakafu kubwa kubingirika kunakupeleka mbali. Kwenye kibao chembamba kunakupeleka hatua mbili, na Pikachu anafika kote kuwili bila kutoa jasho. Umeona? Uwanja umekupunguzia majibu. Dawa yake ni kujifunza kubonyeza ngao sekunde ile ile unayogusa kibao, na mara moja moja kutotua kabisa: kuvuka pembeni ya kibao ukaangukia sakafuni, hata kama inaonekana mbali.

Lakini usije ukavichukia vibao. Kwa Samus ndivyo vingekuokoa. Risasi yake kubwa inakwenda mlalo, na Final Destination haina hata kibao kimoja, kwa hiyo njia ya kumfikia ni moja tu na yeye ndiye anayeilinda. Kwenye Battlefield, yenye vibao vitatu vilivyokaa kama mafiga, una barabara ya juu na ya chini. Na Ganondorf, pamoja na uzembe wake wote wa miguu, ana teke la kwenda juu hewani linalofagia kibao kizima. Mtu akikaa juu yako kwenye kibao cha pembeni, yeye ndiye mwenye shida.

Ukingo nao ni sehemu ya uwanja, ingawa wachezaji wa nyumbani huuona kama kishikio tu. Ukiushika kwa mara ya kwanza unapewa muda mfupi wa kutodhurika. Ukiuachia na kuushika tena kabla hujatua au kupigwa, muda huo hupewi tena. Ukifika mara ya sita mfululizo bila kutua wala kupigwa, ya saba mkono haushiki. Tena kuna upenyo mdogo sana mwanzoni, fremu mbili (yaani picha mbili) katika gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde, ambapo unakuwa umeshaushika lakini bado unaweza kupigwa. Wajuzi wanawinda fremu hizo. Ganondorf, ambaye kurudi kwake ni kwa taabu na kwa njia inayojulikana, ni kitoweo chao. Ushauri wangu: ukirushwa nje, usikimbilie kuruka ruko la pili mara moja. Litunze, badilisha muda wa kurudi, na viwanja vinavyokuruhusu urudi ukipitia juu ya kibao vipe alama ya ziada.

Smashville ni mfano mzuri. Ina kibao kimoja kinachotembea kushoto na kulia bila kuchoka, na kinapita nje ya kingo za uwanja pande zote mbili. Kikiwa nje upande wako wakati unarudi, ni daraja. Kikiwa nje na wewe umesimama juu yake na kupigwa, umejipeleka mwenyewe karibu na mstari wa pembeni. Nimeona watu wakifa na asilimia 60 kwa mtindo huo, wakalaumu pedi. Town and City nayo inabadilisha idadi na mpangilio wa vibao kadiri mandhari inavyosafiri kati ya kijiji na mji, kwa hiyo huwezi kupanga mambo yako bila kujua kinachokuja.

Sasa Temple. Najua utaumia. Ule uwanja ulikuja na Melee, toleo la zamani la Smash, mwaka 2001 na watu wa sebuleni wameupenda tangu hapo, mimi nikiwemo. Kwa mashindano una kasoro mbili ambazo hakuna anayeweza kuzirekebisha. Ya kwanza ni ukubwa wenye mzunguko: mhusika mwepesi wa mbio akishakutangulia kwa asilimia kumi, anazunguka jengo na wewe, Ganondorf, utamfukuza mpaka saa iishe. Ya pili ni lile pango la chini. Mtu akipigwa mle anagonga dari na kuta, akibonyeza ngao kwa wakati anabaki hai akiwa na asilimia ambazo kwingine angeshakufa mara tatu. Nafikiri, na utanisamehe, kwamba hapo ndipo sifa yako ya nyumbani ilipotoka: mhusika mzito, pangoni, watu wanne wakigombana wenyewe kwa wenyewe. Sisemi huna kipaji. Nasema uwanja ulikuwa unakubebea mzigo bila kukuambia.

Viwanja vya aina ya Bridge of Eldin, ambavyo sakafu yake inaendelea mpaka nje ya skrini bila ukingo, vinakataliwa kwa sababu nyingine: mtu anajibanza karibu na mstari wa pembeni, akikukamata na kukutupa nyuma umekwisha, hata kama una asilimia kidogo. Na hivyo “vitupu” ulivyoviona, vingi vimevuliwa hatari zake kwa makusudi. Kwenye kanuni za mechi kuna kitufe cha kuzima hatari za uwanja. Pokémon Stadium 2, kwa mfano, ukiiacha ilivyo itageuka kuwa barafu inayoteleza, au sakafu ya mkanda unaokuvuta, au upepo unaowafanya wote muelee. Ukizizima, kinabaki kiwanja tulivu chenye vibao viwili. Waandaaji hawataki ushinde au ushindwe kwa sababu ya barafu.

Kuhusu mapambo, kuna sehemu uko sahihi. Gemu hii ina viwanja zaidi ya mia moja, na takribani vyote vina umbo la Battlefield na umbo la Omega ambalo ni sawa na Final Destination. Kwenye maumbo hayo, vipimo ni vile vile. Ukichagua Temple ya Omega unapata picha na muziki wa Temple juu ya sakafu ya Final Destination. Huko kweli ni mapambo, chagua unachopenda. Ila waulize waandaaji kwanza, wengine huruhusu na wengine hawaruhusu.

Kwenye kuchagua uwanja ndipo nadhani ulipoteza mechi kabla ya kuanza. Utaratibu wa kawaida kwa viwanja vitano: mmoja anafuta kimoja, mwenzake anafuta viwili, wa kwanza anachagua katika viwili vilivyobaki. Baada ya raundi, mshindi anazuia baadhi na aliyeshindwa anachagua kati ya vilivyosalia. Idadi hubadilika mahali na mahali, kwa hiyo soma kanuni ukifika. Ukikutana na Samus au mtu yeyote wa kurusha vitu, futa Final Destination kwanza kabla hata hujakaa vizuri kwenye kiti. Ukikutana na Pikachu, mambo si mepesi. Vibao vingi vinampa ngazi zake, lakini uwanja mtupu unampa nafasi ya kukukimbia na kukurushia umeme. Mimi ningeenda Small Battlefield, iliyoongezwa mwaka 2020, yenye vibao viwili bila kile cha juu, au Smashville. Kuna wachezaji wa Ganondorf ninaowaheshimu ambao wangebishana nami na kuchukua Battlefield kavu kavu kwa ajili ya lile teke la juu. Hawana makosa. Inategemea kama unaweza kubonyeza ngao kwa wakati kwenye kibao. Kwa sasa huwezi, kwa hiyo usiende huko.

Kuna kitu kimoja cha mkono ambacho kitakuongezea uhai katika kila uwanja. Mipaka ile minne inatengeneza kama mstatili, na sehemu ya mbali zaidi na katikati ni pembe. Ukirushwa juu moja kwa moja, vuta stiki pembeni wakati pigo linakugusa, njia yako itapinda kidogo kuelekea pembe na utapata umbali wa ziada. Ukirushwa pembeni, anza na kanuni nyepesi ya kuvuta stiki kurudi uwanjani. Undani wake utaujua baadaye. Inabidi stiki iwe imeshavutwa pigo linapomalizika kugusa. Ukishaanza kuruka, umechelewa.

Mazoezi yako hayaleti mabadiliko kwa sababu, nahisi, unarudia mapigo peke yako dhidi ya kompyuta. Kompyuta haikusukumi kwenye kona kwa akili. Mtandaoni pia sitegemei sana kama unakutana na watu walio mbali: ucheleweshaji unaharibu kabisa ule wakati wa ngao na fremu za ukingoni, unajikuta unajifunza saa isiyokuwepo. Tafuta mtu mmoja anayekuzidi, ikiwezekana hata yule wa Pikachu, mkae kochi moja. Wachezaji wa aina hiyo wengi ni wakarimu ukiwafuata bila ugomvi. Hifadhi marudio ya mechi, mzitazame pamoja, na kila unapokufa simamisha na muulize kitu kimoja tu: sekunde tano kabla ya pigo hili, nilikuwa wapi? Hiyo siwezi kukufanyia kwa maandishi. Macho ya mtu aliye pembeni yako yanaona jinsi unavyorudi nyuma kila unapoogopa, hata kabla hujarushiwa kitu.

Na kidole. Hili nalisema kama kaka. Pumzika siku kadhaa, kabisa. Ukirudi, tumia uhuru wa gemu wa kubadilisha vitufe: hamishia kuruka kwenye vitufe vya mabega ili gumba lisifanye kazi zote. Na kama unatumia zile Joy-Con, pedi ndogo zinazokuja na Switch, azima pedi kubwa. Maumivu yakiendelea baada ya kupumzika, au kukiwa na ganzi, uvimbe au maumivu yanayopanda hadi kwenye kifundo cha mkono, nenda hospitali ukamwone daktari au mtaalamu wa viungo. Usisubiri mashindano yapite.

Binamu yako naye mwambie Temple inabaki kuwa ya Jumapili jioni, wanne, vifaa vyote vikidondoka. Siku nyingine za wiki mzime hatari, mcheze wawili wawili, na anayeshindwa achague uwanja unaofuata.